Suruali Ile Ile ya Dereva

Kila jioni, akishatoka shule na kuvua sare, Sindano alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa chumba cha mbele akafumua nguo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na fundi yeyote atakwambia kwamba kushona nguo mpya ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kufumua za zamani: ya huyu ipunguzwe, ya yule iongezwe, ya mwingine ikatwe imtoshe mdogo wake. Sindano alikuwa na wembe wake, umevunjwa katikati na kuzungushiwa kitambaa upande mmoja, na aliupitisha kwenye mshono bila kujeruhi nguo hata kidogo.

Baba ndiye aliyempa jina la Sindano kwa sababu ya wembamba wake. Majirani walisema si wembamba, ni ulimi. Mtoto wa miaka kumi na miwili, lakini ukimkosea mbele ya watu, utajuta! Basi ajabu ya kisa hiki ni kwamba mtoto mwenye ulimi kama ule alinyamaza, na alinyamaza siku zile zile ambazo hakutakiwa kunyamaza.

Miongoni mwa nguo alizofumua zilikuwamo suruali mbili za bluu. Zilikuwa sare za kazi za kaka yake, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyeendesha basi dogo la shule aliyosoma Sindano. Watoto wote walimwita Dereva, na jina likaganda mpaka nyumbani. Alikuwa mcheshi. Alijua nani anaogopa mbwa, nani hutapika basi likipita kwenye mashimo, nani amegombana na nani. Baada ya mzunguko wa jioni alirudi nyumbani, akala, akalala. Alikoroma mpaka mteja aliyekuja kupimwa gauni akauliza kama nyuma kuna mashine ya kusaga.

Wakati huo ndipo baba alipokwenda kwenye kamba ya nguo, akarudi na suruali moja mkononi.

"Sindano, fumua hapa nyuma. Kidogo tu."

Fundi mzuri huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono wa nyuma wa suruali, ili mwenyewe akinenepa, kiuno kiachiwe. Sindano alifumua, baba akashona upya kwa nje kidogo, akapiga pasi mpaka alama ya mshono wa zamani ikapotea, akairudisha kwenye kamba. Dereva alipoamka alfajiri alivaa, kifungo kikafunga, akaenda zake kuchukua watoto wa asubuhi. Hakujua lolote.

"Usimwambie," baba alisema kila mara. "Mtu mzima haaibishwi kwa mwili wake."

Si kwamba baba alikuwa mtu wa hila. Zamani, Dereva alipokuwa na umri kama wa Sindano, wenzake shuleni walimwita Tangi. Walimwimbia Tangi, wakampiga tumboni kusikiliza kama kuna maji. Mtoto akagoma shule, akagoma chakula, akawa analia chini ya meza ya kukatia nguo. Tangu hapo baba aliapa kwamba ndani ya nyumba yake hakuna atakayetamka neno linalohusu unene. Na kweli halikutamkwa. Kiuno kiliachiwa, kikaachiwa tena, na mama naye, aliyezifua suruali zile na kuona kila kitu, alipakua chakula akafumba mdomo.

Sasa msikilize Dereva mwenyewe, amekaa mezani, sahani imejaa hadi ukingoni.

"Watu wanasema kazi ya udereva inanenepesha. Uongo mtupu! Mimi tangu niajiriwe navaa suruali ile ile. Si mnaiona?"

"Tunaiona, baba'angu," mama alisema, macho yake yakiwa kwenye mwiko.

Sindano alikohoa. Baba akamkata jicho, naye akanywa maji.

Ikafika siku kitambaa cha ndani ya mshono kikaisha. Mtu mwingine angesema basi, hapa tumefika mwisho, kijana na aambiwe. Baba hakusema. Alitafuta kipande cha kitambaa cha bluu, akakikata pembetatu, akakipachika nyuma ya kiuno mahali ambapo mkanda ungekifunika. Ilikuwa kazi safi sana. Sindano aliitazama kazi ile akaona fahari, na papo hapo akaona hofu, wala hakujua kwa nini.

Siri ya pili aliipata ndani ya basi. Jioni moja watoto wote walikuwa wameshashuka, pamoja na dada wa basi aliyewasimamia, akabaki yeye peke yake nyuma ya kiti cha kaka yake. Dereva akaegesha ghafla kando ya ukuta wa kiwanda cha mbao. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, na jua lilikuwa limeshapoa.

"Kaka, vipi?"

"Ngoja. Ngoja kidogo." Alikuwa anahema. "Ni moyo huu."

"Unauma?"

"Hauumi. Unakimbia tu. Unakimbia, unajikwaa, unakimbia tena."

Aliuchukua mkono wa mdogo wake akauweka kifuani. Sindano alihisi mapigo yanagongana ovyo, kama kuku waliofungwa ndani ya tenga wakati paka anapita. Aliuondoa mkono haraka.

"Twende hospitali!"

"Twende wapi? Sindano, nisikilize. Umeona macho ya baba siku hizi? Uzi hauingii kwenye tundu la sindano mpaka umtungie wewe. Wateja wanaondoka. Nyumba nzima inakula kwa usukani huu. Shule ikisikia dereva ana moyo unaoruka, kesho nitakuwa nimekaa kibarazani nahesabu magari ya wenzangu. Na ni uchovu tu, utapita. Apa kwamba hutasema."

"Kaka, lakini..."

"Apa!"

Akaapa. Na kweli baada ya muda moyo ulitulia. Dereva akafungua kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, akalimaliza kwa pumzi moja, wakaenda nyumbani wakiimba.

Hebu fikiri mzigo aliotwishwa mtoto yule. Baba alikuwa na siri asiyotaka mwanawe aijue. Mwana alikuwa na siri asiyotaka baba yake aijue. Baba angejua kwamba moyo wa kijana unaruka, asingeendelea kuachia kiuno. Na kijana angejua jinsi kiuno chake kilivyoongezeka, asingesema ni uchovu. Kila mmoja alishika nusu ya habari, na mtu pekee aliyekuwa na nusu zote mbili alikuwa mtoto wa darasa la sita mwenye wembe mkononi.

Alijaribu mara moja. Wakiwa wawili chumbani, cherehani ikilia, alisema kama mtu anayeuliza jambo la kupita tu: "Baba, mtu ambaye suruali yake inaachiwa kila mara, hawezi kuwa anaumwa?"

Cherehani ikanyamaza. "Nani amekwambia maneno hayo?"

"Nauliza tu."

"Mtu anayekula vizuri hujaza mwili. Hayo ni mambo ya wakubwa. Fumua pindo hilo, mwenyewe anakuja saa kumi na mbili."

Akainamisha kichwa akafumua pindo.

Muhula huo mwalimu mkuu aliwatangazia madereva wote waende hospitali wakapimwe macho, presha na moyo. Wenzake walikwenda. Dereva alikuwa na sababu kila siku: leo basi lina pancha, kesho foleni ndefu, keshokutwa daktari hayupo. Baba alipomuuliza, alijipiga kiunoni akacheka.

"Moyo ni ugonjwa wa wazee, baba. Mimi kijana, mwili haujabadilika, suruali ile ile! Nikapimwe nini?"

Baba alifungua mdomo. Sindano alimwona kabisa, alifungua mdomo kutaka kusema. Kisha akaufunga, akachukua chaki akaendelea kuchora kola. Laiti angesema siku ile, mengi yasingetokea.

Jumamosi moyo wa Dereva ulianza tena kuruka. Safari hii haukutulia. Alikaa kwenye kochi, kiganja kifuani, akijifanya anatazama mpira kwenye televisheni. Jumapili alilala siku nzima akasema ana mafua. Kila mama alipotoka chumbani, Sindano alinyata mlangoni.

"Umetulia?"

"Bado. Nenda kacheze."

Jumatatu aliendesha. Sindano alikaa nyuma yake akiwa ameshika kiti kwa mikono miwili njia nzima. Jumanne asubuhi midomo ya Dereva ilikuwa imepauka na chai aliiacha mezani. Walipofika kwenye basi, Sindano alimvuta shati.

"Kaka, usiendeshe leo. Nakuomba."

"Watoto wanasubiri. Panda."

Akapanda. Sitamlaumu zaidi ya inavyostahili, maana alikuwa mtoto. Lakini alipanda.

Watoto wakaingia mmoja mmoja. Katika kituo cha mwisho aliingia mvulana wa darasa la kwanza ambaye Sindano alimbatiza jina la Kifungo, kwa sababu kila asubuhi shati lake lilikuwa limefungwa kombo, naye humfungia upya. Siku hiyo pia alimfungia. Kifungo akamwonyesha jino linalotikisika.

Basi lilifika kwenye geti la shule, mahali penye mwinuko. Lilisimama, dada wa basi akafungua mlango, watoto wakaanza kushuka. Dereva hakuvuta breki ya mkono. Kichwa chake kiliinama taratibu mpaka kikagusa usukani, honi ikalia mfululizo, na mguu wake ukateleza ukaachia breki. Basi likaanza kurudi nyuma.

Kifungo alikuwa kwenye ngazi. Alianguka chali, mkono wake ukawa chini yake, na tairi likapita karibu naye kiasi kwamba lilikanyaga begi lake. Basi liligonga nguzo ya geti likasimama. Kwa muda mfupi honi tu ndiyo iliyosikika, kisha kilio cha Kifungo. Mkono wake ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Sindano aliuona, na picha ile haikumtoka tena.

Hospitalini, Dereva alizinduka akiwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Walikuwa wamemfungua shati na kumbandika vibandiko kifuani, mikononi na miguuni, kila kimoja na waya wake. Mashine ndogo ikatoa karatasi yenye mistari. Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliinyoosha karatasi ile chini ya taa akaitazama kwa muda mrefu. Baba alikuwa ameshafika, sindano ya kushonea ikiwa bado imechomekwa kwenye kola ya shati lake. Mama alikuwa upande wa pili na mtoto wa watu, akimsubiri mama yake Kifungo afike.

"Moyo unapiga mbio na bila mpangilio," daktari alisema. "Tumempa dawa, presha imeshikilia, kwa hiyo tuna nafasi ya kufikiri. Kijana, uzito umeongezeka siku za karibuni?"

"Hapana," Dereva alisema kwa sauti ya chini. "Navaa suruali ile ile."

Daktari akamgeukia baba. Baba akatazama sakafu.

"Sawa. Sasa nisikilizeni vizuri, maana swali hili ndilo kubwa kuliko yote. Moyo huu ulianza kwenda hivi lini? Kama ni leo, nina mashine hapa. Nitampa dawa ya usingizi, nitaushtua moyo kwa umeme mara moja, na huenda ukarudi kwenye mwendo wake. Lakini kama ni zaidi ya siku mbili, damu inaweza kuwa imeganda ndani ya moyo. Nikiushtua, lile bonge linaweza kuruka mpaka kwenye ubongo. Apooze, au afe hapa hapa mikononi mwangu. Ilianza lini?"

Dereva alimtazama Sindano. Akisema Jumamosi, maana yake Jumatatu na Jumanne alibeba watoto wa watu huku akijua. Kazi imekwenda, na huenda polisi wanakuja. Sindano aliyasoma yote hayo machoni mwake.

"Leo," Dereva alisema. "Leo asubuhi."

"Una hakika?"

"Leo, daktari."

Daktari akamwashiria nesi kwa kichwa. Nesi akaivuta mashine, magurudumu yake yakalia kwenye sakafu. Nesi mwingine akaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano.

Sindano aliitazama mashine ile. Alikuwa ameapa. Aliapa akiwa ameuhisi moyo wenyewe kwa mkono wake.

"Jumamosi!" alipiga kelele. "Ilianza Jumamosi, wakati wa mpira! Haujatulia hata mara moja, nimemuuliza kila siku!"

"Mwongo huyo!" Dereva alijaribu kuinuka, nyaya zikamvuta.

"Sindano, kaa kimya, wewe hujui kitu," baba alisema.

"Najua, baba! Najua vyote! Kwenye basi aliuweka mkono wangu kifuani kwake, akaniapisha. Na ile suruali si ile ile! Tumeiachia mpaka kitambaa kikaisha, ukaweka kipande! Mmeniambia ninyamaze, wewe na yeye, nimenyamaza, na Kifungo amevunjika mkono!"

Akaangua kilio. Hakuna aliyemkemea tena. Dereva aligeuza kichwa polepole kwenye mto akamtazama baba yake.

"Kipande gani?"

Baba, mzee wa watu, alikaa kitini, akajishika kichwa.

Daktari aliirudisha mashine ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Badala ya kuushtua moyo, waliupiga picha kwa mpira mwembamba uliopitishwa kooni. Ilichukua muda. Daktari alipotoka alikuwa na uso mzito, akamwita baba na Sindano kwenye benchi la koridoni.

"Bonge la damu lipo. Si kubwa, lakini lipo. Tungemshtua asubuhi hii, nisingependa kufikiria." Alimshika Sindano bega. "Atakunywa dawa ya kuzuia damu isigande kwa majuma kadhaa, mpaka bonge liishe. Tutampima tena. Likiwa limekwisha, ndipo tutaurudisha moyo kwenye mstari."

"Daktari," baba alisema, "ni kijana yule. Ana miaka ishirini na mitatu."

"Umeme wa moyo hautazami umri, baba. Moyo una umeme wake wenyewe. Unaanzia juu, unashuka kwa njia yake, na kila unaposhuka moyo unakaza na kusukuma damu. Mafuta ya mwili yakizidi, hasa yale ya tumboni na yale yanayojipanga kuuzunguka moyo wenyewe, kazi inakuwa nzito. Vyumba vya moyo vinatanuka, na ule umeme unakosa njia iliyonyooka. Kwa vijana wengine unachelewa kidogo tu, kipimo kinaonyesha lakini mwenyewe hahisi kitu. Kwa mwanao umetawanyika kabisa. Na si mafuta peke yake. Kuna presha, kuna kule kukoroma na kukosa pumzi usingizini, kuna makopo ya vinywaji vya kumfanya asisinzie. Vyote vimesaidiana."

"Kwa hiyo wanene wote wana ugonjwa huu?" Sindano aliuliza huku akifuta kamasi.

"La hasha. Wapo wanene ambao mioyo yao haina shida, na wapo wembamba kama wewe wenye mioyo mibovu. Kwa macho huwezi kujua, ndiyo maana kuna kipimo. Kumcheka mtu kwa mwili wake ni ujinga, na kumficha hali yake pia si kumpenda. Kaka yako angepimwa mwanzo wa muhula, tungeyaona haya mapema, tukamsaidia kupunguza mwili taratibu, na leo angekuwa kazini."

Baba alichomoa ile sindano kwenye kola yake, akaigeuza vidoleni. "Niliogopa asije akalia tena kama alipokuwa mdogo," alisema. Machozi yakamlengalenga, na Sindano akageukia pembeni, kwa kuwa hakuwahi kumwona baba yake akilia.

Majuma yaliyofuata yalikuwa machungu. Shule ilimwachisha Dereva kazi, na haikuwa siri tena kwa nini. Wazazi wengine walipita mbele ya chumba cha fundi bila kusalimu. Dereva alikunywa dawa zake, akapunguza chakula kama alivyoelekezwa, akatembea kila asubuhi hadi kwenye kiwanda cha mbao na kurudi, lakini kwa Sindano hakutoa neno. Alipita mbele yake kama anapita mbele ya kiti. Mtoto alivumilia. Siku bonge lilipoonekana limekwisha, na moyo ukashtuliwa ukarudi kwenye mwendo wake, Dereva aliamka kutoka kwenye usingizi wa dawa, akauliza kwa sauti nzito: "Sindano yuko wapi?" Alipoletwa, alimshika mkono na hakuuachia mpaka aliporuhusiwa kwenda nyumbani.

Ilibaki safari moja ambayo hakuna aliyetaka kuifanya. Baba ndiye aliyesema iwe Jumapili, na wakaenda watatu: yeye, Dereva na Sindano.

Mama yake Kifungo alikuwa msusi. Walimkuta uani akisuka, mteja wake akiwa na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Kifungo alikaa kwenye mkeka, mkono umefungwa plasta kuanzia kwenye vidole hadi juu ya kiwiko. Msusi alipowaona, alimwambia mteja, "Dada, naomba unisubiri ndani," na yule dada akaingia akiwa ameshika kitana.

Dereva hakukaa. Alisimama mbele ya mama yule, mikono nyuma.

"Mama, nimekuja kusema ukweli. Nilijua moyo wangu unaumwa. Nilijua tangu Jumamosi, na hata kabla ya hapo. Niliogopa kupoteza kazi, nikambeba mwanao. Naomba radhi."

Msusi alikuwa na mafuta ya nywele vidoleni, akawa anayafuta kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Daktari anasema huenda mkono huu usinyooke vizuri," alisema. "Wewe unaomba radhi. Mimi leo sina radhi ya kukupa. Labda siku nyingine, sijui." Akamgeukia baba. "Na wewe, fundi?"

"Mimi niliona mwili wa mwanangu unabadilika, nikauficha kwa uzi. Nilidhani namlinda."

"Na huyu?"

Sindano alisogea mbele. "Nilijua yote mawili, mama. Nilisema hospitalini, lakini nilikuwa nimechelewa."

Msusi alikaa kwenye kigoda chake. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Njoo hapa. Nani alikutuma ubebe mambo hayo peke yako? Mlipendana sana nyumbani kwenu, naona. Mlipendana mpaka mkaogopana. Sasa sikia, na ulishike maisha yako yote. Mtu akikupa siri inayoweza kumuua yeye au mtu mwingine, hiyo haikai kwako. Ipeleke kwa mtu mzima, hata kama umeapa. Akikufukuza, nenda kwa mwingine. Akikufukuza na huyo, nenda kwa wa tatu. Kwa mwalimu, kwa nesi, kwa jirani. Ungenijia hata mimi, asubuhi ile ulipokuwa unamfunga mwanangu vifungo, ningeacha kichwa cha mtu nusu nikaja."

"Ndiyo, mama."

"Na ninyi wakubwa, mtoto akija na neno, mwacheni alimalize."

Baba alijibu kwamba amesikia. Wakaanza kuaga.

Wakati huo wote Kifungo alikuwa akimkodolea macho Dereva kutoka kwenye mkeka. Jino lile lilikuwa limeshang'oka, na maneno yalimtoka kwa upepo.

"Dereva, moyo wako bado unaruka?"

Dereva alichuchumaa mbele yake, uso kwa uso. "Siku hizi umetulia. Nakunywa dawa."

"Ukiruka tena utasema?"

Dereva alitikisa kichwa kukubali, lakini mtoto hakuridhika na kichwa, akaendelea kusubiri.

"Nitasema," Dereva alisema, machozi yakimtiririka. "Siku hiyo hiyo, nitasema."